Mkono Uliobaki Kifuani

Albert Park, Durban
Jumapili, 11 Februari 2024

Mama Gaël,

Salamu za nyumba nzima nimezikunja humu ndani, na kama dereva wetu Apollinaire hakuilalia bahasha njiani, zitakufikia zikiwa na sura ya salamu. Sisi tupo. Mgongo wangu unauma kwa kusimama getini kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, lakini mgongo wa mlinzi ukiacha kuuma ujue amefukuzwa kazi.

Juzi kwenye simu ulinicheka kwamba mimi na wewe ndio watu wa mwisho duniani wanaotumiana barua kwa lori la mizigo. Cheka tu. Jambo la leo ni la fimbo, na la fimbo huandikwa kwa mkono. Unakumbuka Nong Isidro, mwalimu wetu Mfilipino wa fimbo, alivyotusimulia habari za ndugu yake kule Cebu: waligawana mtindo wa baba yao kwa maneno ya mdomo, na miaka mitano baadaye kila mmoja akawa anaapa kwamba hakukubali lolote. Walizikwa hawasemezani. Ndiyo maana mzee wetu akatuapisha sisi wawili. Hakuna pigo litakaloongezwa, wala litakalotolewa, wala mtu atakayekabidhiwa fimbo ya ualimu, mpaka mmoja wetu aandike na mwingine ajibu kwa mwandiko wake maneno mawili: nimesoma, nakubali. Na anayekataa atoe sababu.

Basi naandika. Nataka Pasaka hii nimkabidhi Laurette fimbo.

Ndiyo, Laurette wangu, yule aliyekuwa analala juu ya mabegi yetu huko Sydenham sisi tukitwangana uani kwa Nong. Ana miaka ishirini na moja sasa, anauza kwenye duka la simu, na ananikosoa mbele za watu. Anataka kuwafundisha wasichana wa saluni na wa maduka kila Jumamosi, juu ya paa la maegesho. Wameshajiandikisha saba.

Nikimtazama akicheza namwona kila mtu aliyepita katika fimbo hii. Mapigo kumi na mawili ya Nong, kama alivyoshuka nayo melini. Kinga ya kushoto tuliyopewa na shemeji yake, yule Mzulu wa KwaMashu. Mtego wangu wa mguu, nilioutoa kwenye mieleka ya mchangani kule Uvira. Na kifundo chako cha mkono, Mama Gaël, kinachozunguka kama unasuka nywele, ambacho Nong alikicheka wiki nzima halafu akakiiba.

Na juu ya yote, mkono wa kifuani. Mtu yeyote wa fimbo atakuambia kwamba mkono usioshika kitu ndio unaozuia kisu, uwe mbele, uwe macho. Nong mwenyewe alituimbia hivyo miaka yote. Halafu niliporudi kutoka Johannesburg nikamkuta ameulaza kifuani, kama mtu aliyemaliza kuuhitaji, na kwa fimbo moja akatuangusha wote. Huo ndio ukurasa wa mwisho wa daftari letu la fimbo. Niliuandika mimi na uliukubali wewe mwaka 2018. Laurette anaufanya vizuri kuliko mimi. Mkono wake hautikisiki.

Nakusubiri kwa yale maneno mawili.

Zénon Bisimwa
Papa Laurette


Lubumbashi
3 Machi 2024
(Barua hii haikutumwa)

Papa Laurette,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili niliacha, mara ya tatu nilimwambia Gaël aende akacheze nje.

Kuna jambo nilipaswa kukuambia miaka kumi iliyopita. Mkono wa kifuani haukuwa mtindo. Ulikuwa ugonjwa.

Agosti 2014, wewe uko Johannesburg, niliingia chumbani kwa Nong asubuhi nikamkuta amekaa kando ya kitanda na kiatu kimoja mguuni. Alikuwa anakitazama cha pili kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kiharusi kilimpitia usiku. Mdomo ulipinda kidogo ukarudi. Mguu ulirudi. Mkono wa kushoto haukurudi. Nilikuwa nafika kila siku kabla ya kufungua saluni, namwogesha, namsaidia kuvaa. Aliushika mkono ule kwa mkono wa kulia akauweka kifuani, nami naufunga kwa ndani ya shati na kitambaa cha kanga yangu, usije ukaanguka mbele za watu. Umeandika kwamba wa Laurette hautikisiki. Wa Nong nao haukutikisika. Ulikuwa umefungwa.

Ulipopiga simu kwamba unarudi Desemba, alinikamata kifundo. Alisema, "Constance, usiambie Zénon. Akijua, yeye atapiga mimi polepole."

Ukarudi, na vumbi la basi bado liko kwenye viatu, ukampiga kwa nguvu zako zote. Alicheka siku ile. Miezi minne nilikuwa sijamsikia akicheka. Alikuangusha kwa sababu alijua fimbo yako itapita wapi kabla wewe hujajua. Mkono haukuhusika na lolote.

Likizo ilipoisha ukarejea kazini Johannesburg. Nilitaka kukuambia baada ya mazishi, 2016. Ulikuwa unalia kwamba hukuwepo alipokuhitaji. Nikasema ngoja atulie. Nikahamia huku. Halafu ikaja barua yako ya 2018, kurasa nne juu ya maana ya mkono ule, na ndani yake ukasema hicho ndicho kitu pekee alichokupa wewe peke yako. Ningekunyang'anya vipi? Niliandika nakubali. Nilitia sahihi uongo, na sharti letu tulipewa ili tusidanganyane.

Sasa unataka kumpa mtoto. Wewe ni mwanamume wa kilo tisini, watu wanakuogopa kabla hujainua fimbo. Laurette si wewe. Mwambie auinue ule mkono. Mwambie leo.

Nitampa Apollinaire barua hii kesho asubuhi kabla hajavuka mpaka wa Kasumbalesa.

Constance


Lubumbashi
5 Machi 2024

Papa Laurette,

Hongera kwako na kwa mtoto wetu. Nilimwona juzi kwenye picha uliyonitumia, amekuwa mrefu, na hiyo shingo ni ya marehemu mama yake. Kama kuna mtu anayestahili kushika fimbo ya ualimu ni yeye.

Ila kabla sijaandika yale maneno mawili nina ombi dogo. Huo mkono wa kushoto, mwache auinue. Si lazima uwe mbele sana, utoke tu kifuani. Durban ya leo si ile tuliyoijua na Nong. Ninyi wenyewe mnatuambia kwamba siku hizi hata simu ya tochi inaporwa kwa kisu. Msichana mwenye mkono uliolala anampa mwizi nafasi.

Sina sababu kubwa. Ni hofu ya mama tu.

Wasalimie wote, na usisahau kupaka dawa mgongo.

Constance


Albert Park, Durban
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Mama Gaël,

Barua yako imefika. Pasaka ni wiki ijayo, na maneno mawili niliyoyaomba hayamo.

Hofu si sababu. Sharti linasema anayekataa atoe sababu, na wewe umenipa ushauri wa mama mkwe. Ukurasa ule uliukubali mwenyewe, hukulazimishwa. Miaka sita umekaa kimya, na leo kwa sababu ni zamu ya mtoto wangu ndipo unaona mkono una kasoro.

Nitasema ninavyofikiri, na kasirika ukitaka. Wewe ndiye uliyebaki naye mpaka mwisho. Ulimpikia samaki, ulimfulia, ulimfumba macho. Mimi nilikuwa Johannesburg nalinda duka la mtu, na hilo litaniuma mpaka nife. Lakini ukurasa wa mwisho Nong hakukupa wewe. Alinipa mimi. Nilirudi nikiwa mwenye hatia, na yeye hakunilaumu hata kwa jicho. Alisimama pale uani, mkono kifuani, akanifundisha. Nadhani hilo limekukaa kooni miaka yote na sasa linatoka kwa jina la hofu.

Nisamehe kama nimekosea. Kama sijakosea, nisamehe vilevile, ila mpe mtoto haki yake. Ameshaulizwa na wenzake ni lini. Nimemwambia tantine Constance anaandika polepole kwa sababu ya umri.

Zénon


Lubumbashi
14 Aprili 2024

Papa Laurette,

Nimesoma, nakubali.

Constance


Albert Park, Durban
Jumapili, 30 Juni 2024

Mama Gaël,

Kwenye simu nilikuambia Laurette ameumia na nikakata. Sikuweza zaidi ya hapo. Sasa naandika, kwa sababu kilichotokea ni jambo la fimbo.

Ilikuwa Jumamosi tarehe kumi na tano, saa kumi alasiri, jua bado liko juu. Alikuwa ametoka kazini na simu nne za wateja kwenye begi. Pale kwenye robot, zile taa za barabarani, kona ya duka la mkate, vijana wawili. Wa kwanza alishika begi. Laurette alikuwa na fimbo fupi, akampiga pigo la tatu na la saba, mkono na goti, akaanguka. Nilipoambiwa hivyo, Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilijisikia vizuri.

Wa pili alikuja na kisu kutoka kushoto.

Kisu kiliingia chini ya kwapa. Madaktari wamemshona mara mbili. Wanasema mishipa ya fahamu ya mkono imekatika huko ndani, ile inayoupa mkono uhai, na haishoneki kama nguo. Ataishi. Anakula, anaongea, anauliza kama wateja walirudishiwa simu zao. Mkono wa kushoto hausikii chochote. Nimemchoma na pini nikidhani madaktari wanasema uongo. Alinitazama tu.

Doudou, yule fundi wa simu, aliona yote kutoka mlangoni kwake. Alikuja hospitali, akavua kofia. Kisha akasema, "Papa Laurette, mutoto alipigana muzuri sana. Lakini ile mukono ya kushoto haikutoka. Ilibakia pale kwa kifua, sawa vile mutu ameifunga."

Tangu siku ile nimerudia mwendo huo chumbani, peke yangu, na mwiko wa ugali kama kisu. Nimefunga mwiko kwenye kamba nikaufanya uje kutoka kushoto. Nikiuweka mkono kifuani, mwiko unapita. Nikiuinua, unagonga mkono. Kila mara, Mama Gaël. Jirani wa chini amegonga dari kwa fagio na sikuacha.

Nong hakuwa mtu wa kukosea. Alimaliza miaka hamsini na fimbo, na alipigana mbele ya macho yangu, mkono ule kifuani, na hakuna aliyemgusa. Basi mimi ndiye niliyejifunza vibaya. Kuna kitu alikuwa anakifanya na sikukiona, nikamfundisha mwanangu nusu ya jambo.

Wewe ulikuwepo kila siku. Ulikuwa unamwona karibu kuliko mimi. Nakuomba, si kwa sharti, nakuomba kama ndugu: ni kitu gani alikuwa anakifanya na ule mkono?

Zénon


Lubumbashi
21 Julai 2024

Papa Laurette,

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Isome hiyo kwanza, na uangalie tarehe yake.

Sasa umejua. Uliniuliza alikuwa anafanya kitu gani na mkono ule. Hakuwa anafanya kitu. Hukujifunza vibaya hata kidogo. Ulijifunza sawasawa mkono uliokufa.

Ile barua ilikaa kwenye droo yangu chini ya vitambaa vya meza. Asubuhi ile Apollinaire alisubiri nje, injini inanguruma, na mimi nimesimama na bahasha mbili akilini, moja iliyoandikwa na moja ambayo ingekuwa rahisi zaidi. Nikamwambia aende, nitampa mwenzake. Kesho yake nikaandika ile rahisi. Uliponijibu kwa hasira, kiburi changu kilifurahi kupata kisingizio. Nilisema moyoni, kama anadhani namwonea wivu basi na iwe. Nikaandika maneno mawili na kulala usingizi. Nakuambia hili la usingizi kwa sababu sitaki kubakiza kitu tena.

Sijui namna ya kuomba radhi kwa mkono wa mtoto. Maneno yapo, yote ni madogo.

Lakini kuna jambo ambalo halingoji nisamehewe. Ukurasa wa mwisho utolewe kwenye daftari. Kwa sharti letu naandika: mimi Constance naomba ukurasa wa mkono wa kifuani utolewe, na sababu ni kwamba haukuwa kweli tangu mwanzo. Jibu kwa yale maneno mawili, halafu usiniandikie tena ukipenda.

Constance


Albert Park, Durban
1 Septemba 2024

Nimesoma.

Zénon Bisimwa


Lubumbashi
17 Novemba 2024

Papa Laurette,

Simu zangu huzipokei, na ni haki yako. Hii naiandika kwa sababu Apollinaire amenieleza kitu.

Anasema alipita Albert Park kumpelekea mtu mzigo, akapanda kwenye paa la maegesho. Anasema wale wasichana saba bado wanakutana Jumamosi. Laurette hayupo, wewe hupandi, wanajifundisha wenyewe yale waliyoachiwa. Na wote saba, anasema, mkono wa kushoto kifuani. Alimuuliza mmoja kwa nini. Yule akamjibu ni kwa heshima ya Laurette.

Papa Laurette, uliniandikia neno moja ukalibakiza la pili. Nalielewa. Ukiandika unakubali, ni kama unaandika kwamba kile ulichompa mwanao kwa upendo ndicho kilichomlaza kitandani. Sikulaumu kwa kushindwa kuliandika. Mimi nilishindwa jepesi zaidi.

Lakini wale ni watoto wa watu. Nichukie mimi, na uwaambie wao wainue mikono.

Constance


Albert Park, Durban
Jumapili, 9 Machi 2025

Tantine Constance,

Ni mimi, Laurette. Usishtuke, hakuna aliyekufa.

Barua zako nilizikuta kwenye mfuko wa koti la kazi la baba wakati natafuta chenji ya taxi. Zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa. Nilizisoma zote nikiwa nimekaa sakafuni. Nilikuchukia wiki tatu, tena kwa bidii, mpaka nikachoka. Sisemi nimekusamehe. Nasema nimechoka, na nina mambo ya kufanya.

Januari nilipanda kwenye paa nikawaambia wasichana ukweli. Niliwaeleza kuhusu Nong, kiatu kimoja, na kitambaa. Peguy, mmoja wao, alilia, akasema basi tulikuwa tunaigiza mgonjwa. Nikamwambia ndiyo. Siku hiyohiyo waliinua mikono, na hakuna anayeirudisha. Kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi. Baba hajaandika neno lake la pili na sidhani ataandika. Hashiki fimbo tena. Anaenda getini, anarudi, anapika, anakaa.

Ila mimi pia nimekabidhiwa fimbo, na kwa maneno yako. Basi naandika kwa sharti.

Naomba ukurasa wa mwisho utolewe kwa kila mwenye mikono miwili. Kwa mwenye mmoja, ubaki. Ubaki ukiwa umesahihishwa, kwa sababu baba alinakili mkono na hakunakili miguu. Nilikuwa na miaka kumi na mbili lakini nakumbuka: Nong siku zote alisimama na ukuta kushotoni. Nilidhani anapenda kivuli. Na pasipo na ukuta, mguu wa kulia ulitangulia na kiwiliwili kizima kiligeuka, upande uliokufa ukawa nyuma ya fimbo. Hakuuacha wazi hata mara moja. Hilo nimelijua kwa mwili wangu, kwa sababu sasa nikisimama kama baba alivyonifundisha naogopa, na nikisimama kama Nong siogopi sana. Nimejaribu na Peguy mara nyingi. Ananigusa mara mbili katika kumi.

Hiyo ndiyo hoja ya fimbo. Nyingine si ya fimbo.

Kila asubuhi baba ananifungia vifungo vya shati la kazi. Anafunga huku anatazama dirishani. Nikinunua blauzi zisizo na vifungo anajua kwa nini, anaumia zaidi. Sitaki tena anifungie. Nong alivaa shati la vifungo kila siku ya Mungu, na siku ulizochelewa kwenda kwake lazima alijifungia mwenyewe. Wewe tu ndiye uliyemwona. Alikuwa anafanyaje?

Barua hii anaipeleka baba mwenyewe Clairwood, kwenye malori, kwa Apollinaire. Nilimwambia ni ya kwako. Alimaliza chai yake, akaosha kikombe, halafu akasema, "Andika adresi muzuri, isipotee."

Laurette


Lubumbashi
30 Machi 2025

Laurette mwanangu,

Anza na mkono uliolala. Uingize huo kwenye shati kwanza, uvute mpaka begani, ndipo mzima ufuate. Jioni ukivua, mzima utoke kwanza. Ukigeuza utaratibu huo utalia bure, na Nong alitukana kwa lugha ya kwao mara nyingi kabla hatujaligundua.

Usisimame katikati ya chumba. Nenda mezani, ulibane pindo la shati kati ya tumbo na ukingo wa meza, nguo inyooke. Anza kifungo cha chini kabisa na upande kwenda juu. Kidole gumba kinasukuma kifungo, cha kati kinafungua tundu. Cha shingoni kiache, Nong hakukifunga mpaka siku ya kanisa, na siku hiyo nilimfungia mimi. Cha kifundo cha mkono wa kulia ndicho kigumu, kwa kuwa hakuna mkono wa kukifunga. Kishonee kamba ya mpira badala ya uzi, kifungwe tangu usiku, na asubuhi upitishe mkono tu. Mwanzoni ilimchukua robo saa. Baada ya miezi miwili alikuwa anamaliza kabla maji ya chai hayajachemka, na alinitazama kwa dharau kama mtu aliyeshinda mashindano.

Ukilala weka mto mdogo chini ya kiwiko, bega lisivutwe. Kucha za mkono uliolala zikate mara kwa mara, kwa sababu hutazisikia zikikukwaruza. Majira ya baridi huo mkono utapoa kuliko mwingine. Ushike na uupashe moto, hata kama hausemi asante.

Humu ndani nimeweka kitambaa. Ndicho kilekile, kipande cha kanga yangu ya rangi ya chungwa, kimepauka. Nilikitoa siku tuliyomwosha Nong na sikujua kwa nini nakitunza. Kina urefu wa kupita begani na kuzunguka mgongoni. Kikikukera, kitupe. Usikivae kwa heshima ya mtu.

Nilikuwa nataka kuandika mengi juu ya nafsi yangu, nikayafuta. Umesema una mambo ya kufanya.

Jambo moja la baba yako. Usimlazimishe kuandika neno lake. Lakini iko siku atapanda kwenye paa, hata ikichukua miaka, na atachukua fimbo mbele yako kwa sababu hawezi kukaa bila hiyo. Siku hiyo weka ukuta kushotoni, mguu wa kulia mbele, na umwambie kutoka kwangu na kutoka kwa Nong: asikupige polepole.

Nimesoma, nakubali.

Constance